Masombo Saba ya Yosti

Mwenye masombo saba hana sanda. Ndivyo alivyosema Bi Salha alipochungulia uani na kutukuta tunaanika sanda yangu, na nyinyi mkatazamana mkidhani ananipiga kijembe. Hakunisema mimi. Alikuwa anamsema mpwawe, yule ambaye leo yuko na watu hawa na kesho yuko na wale, na kila anapokwenda huapa kwamba hapa ndipo atakapozeekea. Mimi sanda yangu hii hapa mnaishika wenyewe. Kila mwaka kabla ya masika naitoa kashani ipigwe jua, isiliwe na wadudu. Wewe Tima, acha kuishika kwa ncha za vidole, haiumi.

Mmeniuliza neno hili limetoka wapi. Limetoka kwa mtu mmoja na kwa nguo moja, na nitawasimulia kama nilivyolipokea kwa bibi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Mimi huenda nikatia kidogo. Lakini sombo mnalijua? Hamlijui, nyinyi watu wa mikanda. Sombo ni kitambaa kirefu, chembamba, ambacho wanaume walijifunga kiunoni. Sasa kaeni, na msiniulize maswali mpaka nifike mwisho.

Palikuwa na mji ukiitwa Kiwambale, mji wa wafumi, wenye ukuta wa mawe upande wa bahari. Lakini mtu mwenyewe hakuzaliwa huko. Alizaliwa mbali sana, katika nchi ya Wajerumani, zama zile ambazo nchi hiyo ilikuwa imegawanyika kwa mabwana wengi kuliko siku za mwezi. Jina lake lilikuwa Jobst. Ulimi wa Kiwambale ulilikataa, ukamwita Yosti, na Yosti ndilo jina alilokufa nalo.

Baba yake alikuwa mfumi wa kitani, na mama yake alisokota nyuzi. Kwao, kama kwetu, mama wa nyumba aliweka kashani nguo nyeupe za siku ya mwisho, moja kwa kila mtu. Yosti alikua akiiona yake imekunjwa humo pamoja na majani makavu ya kunukia. Alikuwa na miaka kumi na saba vita vilipofika. Vilikuwa vita vya miaka thelathini, na wengi waliovipigana hawakujua vilianza kwa nini. Askari walipita wakala kilichokuwapo. Wakapita wengine, wakakosa cha kula, wakachoma nyumba. Kitanda cha kufumia kikaungua, kasha likaungua, na wazazi hawakumaliza mwaka. Yosti na kaka yake Henrik wakafanya walilofanya vijana wengi wenye njaa: wakawafuata wale wale waliochoma, kwa sababu ndio waliokuwa na mkate.

Majeshi ya siku zile hayakuwa na sare. Kila mtu alipigana na nguo alizokuja nazo, na kilichomtambulisha ni sombo la rangi alilojifunga. Bwana wa kwanza wa Yosti, mtawala wa kijimbo kidogo tu, rangi yake ilikuwa manjano. Chini ya sombo hilo la manjano Henrik aliuawa uwandani mwaka wa pili. Walioshinda waliwavua maiti nguo hadi viatu, ndiyo ilikuwa desturi ya vita vile, wakaenda zao. Siku ya tatu Yosti alirudi kumtafuta ndugu yake akamkuta. Sitawaeleza alivyomkuta, mbwa walikuwa wengi. Hakuwa na cha kumfunikia ila majani.

Tangu siku hiyo aliingiwa na hofu moja ambayo haikumtoka. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa asiwepo wa kumfunika.

Baadaye alitekwa, akafungwa sombo jekundu na kuambiwa kwamba sasa yeye ni mtu wa Kaisari. Hakuulizwa. Askari mmoja mkongwe akamwona ameshika lile la manjano anataka kulitupa motoni, akamzuia.

"Mabwana hupita, kijana," akamwambia. "Sombo la zamani usilitupe. Likunje, liweke. Hujui kesho atashinda nani."

Yosti akalikunja akaliweka. Kwa Kaisari alijifunza kazi ya mizinga, akawa fundi hodari, na fundi wa mizinga hakosi bwana. Baada ya lile jekundu likaja la buluu, la mfalme wa Uswidi. Likaja la rangi ya chungwa, la Waholanzi. Likaja la zambarau, alipokwenda kuwatumikia watu wa Venisi na kukaa miaka ndani ya ngome iliyozingirwa. La sita lilikuwa la kijani, la Wareno, waliomleta mpaka Goa na kumpakia katika merikebu zao. Yote aliyatia katika kasha dogo la mbao, na mara tatu sombo la zamani lilimwokoa: mji ukianguka, hulivua la leo akafunga la jana, na upanga ukampita. Usikunje uso, Tima. Hakuwa mtu mbaya. Kila bwana alimtumikia sawasawa mpaka siku bwana huyo aliposhindwa, na kila bwana alimwacha siku alipougua. Walikuwa wametoshana.

Alipofikia miaka hamsini na kitu, merikebu ya Wareno ilitia nanga Kiwambale kuchota maji. Yosti alikuwa na homa, hajui usiku wala mchana. Nahodha akamshusha mchangani pamoja na kasha lake, akamwambia watampitia wakirudi. Hawakurudi.

Aliyemwokota alikuwa Mwana Mize binti Kombo, mjane wa miaka arubaini hivi, mfumi, aliyeishi na mdogo wake wa kiume aitwaye Shekue. Mwana Mize hakuwa mtu wa maneno matamu. Alimlisha uji, akamkanda, akamkaripia alipokataa dawa, na siku ya thelathini Yosti akasimama. Kufikia hapo alikuwa ameokota Kiswahili cha kutosha kusema asante na kuomba chumvi.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule, kwa maana hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kiwambale mgeni alikaa siku arubaini bila kuulizwa neno. Siku ya arubaini na moja aliitwa mbele ya wazee akaulizwa swali moja tu: sanda yako iko kwa nani? Kila mtu mzima wa Kiwambale alikuwa na nyumba iliyomfumia sanda na kumwekea, na nyumba hiyo ndiyo iliyomjibia akikosa, na ndiyo iliyomfunika akifa. Mgeni asiye na nyumba ya kumfumia aliondoka na chombo cha kwanza. Mtu hawezi kuishi mahali, walisema, ambapo hakuna atakayemzika.

Mwenye mji siku hizo alikuwa mzee aitwaye Bwana Tamimu. Akamwuliza Yosti swali hilo.

"Iliungua," akasema Yosti. "Nilipokuwa na miaka kumi na saba."

Wazee wakatazamana. Mwana Mize alikuwa amesimama upande wa wanawake. "Nitamfumia mimi," akasema. "Nimekwisha kumwogesha akiwa hajitambui. Kilichobaki ni kidogo."

Bwana Tamimu akamgeukia mgeni. "Dini yako ni yako na Mola wako, Fundi. Hilo hatukuulizi. Tunakuuliza la mji. Sanda ni ya mtu mwenye mji mmoja. Una bwana mwingine?"

"Sina."

"Utakuwa naye?"

"Sitakuwa naye."

Basi wakamlaza juu ya mkeka mbele ya mashahidi, kama ilivyokuwa desturi, na Mwana Mize akampima kwa mkono wake kutoka utosini hadi nyayoni, dhiraa kwa dhiraa, akihesabu kwa sauti. Alikuwa mtu mrefu. Alipofika miguuni Yosti alikuwa analia, machozi yanamwingia masikioni, na hakuna aliyemcheka. Bwana Tamimu akamfunga sombo la Kiwambale, la michirizi myeusi na myeupe. Hilo lilikuwa la saba.

Mwana Mize alifuma nguo hiyo kwa mwezi mzima. Yosti aliketi karibu akitazama, na mara moja moja alimwelekeza uzi uliolegea, kwa maana macho yake hayakuwa yamesahau kazi ya baba yake. Nguo ilipokwisha akaikunja Mwana Mize mwenyewe, akatia kafuri, akaifungia kashani. Siku hiyo hiyo, akifagia chumba cha mgeni, aliliona lile kasha dogo limefunguka na masombo sita yamekunjwa ndani.

"Haya ya nini?" akamwuliza.

"Ya mabwana wa zamani."

"Yachome."

"Ni vitambaa tu, dada Mize."

Mwana Mize akamtazama. Alijua kwamba mtu hakunji vitambaa tu kwa uangalifu namna ile. Lakini alikuwa amechoka, na tayari alikuwa amempenda kama ndugu, akaendelea kufagia. Baadaye alisema mwenyewe kwamba aliona akanyamaza, na kwamba sehemu ya kosa ni yake.

Miaka minane ilipita, miaka mizuri kuliko yote ya Yosti. Mji ulikuwa na mizinga mitatu ya shaba iliyotolewa katika merikebu iliyovunjika mwambani, na kuku walikuwa wakitagia ndani. Yosti akaisafisha, akaipandisha ukutani, akamfundisha Shekue kuitumia. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mzinga ukishapigwa, ndani hubaki makaa. Ukitia baruti mpya na kuishindilia, hewa ikapita katika kitundu cha nyuma, kile cha kuwashia, makaa hufufuka na mzinga hulipuka kabla ya wakati. Kwa hiyo mmoja husimama mbele ya mdomo akishindilia kwa mti mrefu, na mwenzake husimama nyuma, ameziba kitundu kwa kidole gumba mpaka kazi iishe.

"Kinaungua," alisema Shekue siku ya kwanza alipopewa kuziba.

"Kiache kiungue," Yosti akamjibu. "Ukiondoa kidole, umeniua."

Walibadilishana hivyo, leo huyu mbele, kesho yule, na Shekue akawa na alama nyeusi kidoleni kama ya mwalimu wake. Jioni walikula sahani moja. Yosti alijifunza kutania na kutaniwa. Watoto wa mji walimwita Bwana Kigumba, naye aliitika.

Mwaka wa tisa zikaja merikebu nne za Wareno. Walitaka mji ufungue lango na upokee askari wao, na mji ukakataa. Wakapiga mizinga siku mbili. Ukuta ukapasuka hapa na pale, lakini ulisimama.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kupanda ukutani, Yosti alifungua kasha lake akatoa sombo la kijani, akajizungushia tumboni chini ya kanzu. Juu yake alifunga lile la Kiwambale kama kawaida. Hakuwa amekula njama na mtu. Hakumtakia mtu ubaya. Ungemwuliza angekwambia ni mazoea tu, kama mtu anavyobeba mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe.

Kabla ya adhuhuri lango la kusini likaanguka. Yosti na Shekue walikuwa juu ya mnara wa pembeni na mzinga wao ulielekezwa langoni pale pale. Ulikuwa umetoka kupigwa. Shekue alitia baruti, akatia tufe, akashika mti wa kushindilia. Yosti alikuwa nyuma, kidole kimeziba. Moshi ukapasuka kidogo, na Yosti akaona watu wenye masombo ya kijani wanaingia langoni, kumi, thelathini, na nyuma yao wengine. Alikuwa ameiona picha hiyo mara nyingi katika maisha yake. Aliujua mwisho wake.

Akaondoa kidole. Mikono yake ikafungua sombo la Kiwambale, likaanguka miguuni, ikachomoa lile la kijani.

"Fundi, kidole," akasema Shekue.

"Mji umekwisha," akasema Yosti. "Njoo hapa. Nitalichana, nusu yangu, nusu yako. Lifunge ukae kimya, watatupita. Nimeokoka hivi mara tatu."

Shekue alilitazama lile sombo kama mtu asiyeelewa anachooneshwa. Hakukasirika.

"Na dada Mize atafunga nini?" akauliza.

Miaka yote aliyokuwa akibadili masombo Yosti hakuwahi kuwa na mtu wa kumwulizia hivyo.

"Ziba tundu, Fundi," akasema Shekue, akageuka, akasukuma mti kwa nguvu zake zote. Hakutazama nyuma. Kwa miaka minane kidole kile hakikuwahi kukosekana.

Yosti alisema baadaye, na mimi namwamini, kwamba alikuwa anarudi kuziba. Lakini vidole vyake vilikuwa bado fundoni, vinalifunga lile la kijani kiunoni. Mzinga ukalipuka.

Tufe na ule mti vilikwenda moja kwa moja langoni na kuwafyeka waliokuwa mbele. Waliobaki wakasita, na kusita huko kuliwatosha watu wa Kiwambale waliokuwa vichochoroni. Wakatoka na mikuki na panga wakawarudisha hadi nje ya lango. Maji yalikuwa yanakupwa. Merikebu zikaogopa kukwama, zikawapakia watu wao na kuondoka. Mji haukuanguka. Moshi ulipoisha watu walipanda mnarani kumshukuru Fundi wao, wakamkuta amepiga magoti karibu na Shekue, na kiunoni ana sombo la kijani.

Hakuna aliyempiga. Walimwinua Shekue wakashuka naye.

Shekue alikuwa na miaka ishirini na sita, na Kiwambale mwenye umri huo alihesabiwa bado kijana, na kijana hawakumfumia sanda. Walisema ni kumwitia mauti. Mwana Mize akafungua kasha. Ndani mlikuwa na sanda mbili, yake na ya Yosti. Akaitoa ya Yosti. Alipokuwa anaikunjua, chumba kikaingia giza, akainua macho akamwona mwenyewe amesimama mlangoni. Lile la kijani alikuwa bado hajalivua. Nafikiri alikuwa amelisahau.

"Ondoka mlangoni, Fundi," akasema Mwana Mize. "Unaniziba mwanga."

Yosti akasogea. Akaitazama nguo yake nyeupe, ile aliyoiona inafumwa uzi kwa uzi.

"Itamzidi urefu," akasema kwa sauti ya chini. "Mkunjie miguuni."

"Nitamkunjia," akajibu Mwana Mize, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Wazee walikaa baada ya maziko. Wengine walitaka Yosti auawe. Bwana Tamimu akamtuma mtu kumwuliza Mwana Mize, kwa kuwa damu ilikuwa yake. Mwana Mize alikuja mwenyewe.

"Damu sitaki," akasema. "Nimekula naye miaka minane. Ila nyumbani kwangu, mbali na yangu, sanda ilikuwa moja, na imekwenda kwa aliyebaki pale mzingani."

"Iko nyumba nyingine itakayomfumia?" Bwana Tamimu akauliza watu wote.

Yosti aliwatazama mmoja mmoja, watu ambao watoto wao walimwita Bwana Kigumba, na kila aliyemtazama aliinamisha kichwa.

Kwa desturi ilimpasa aondoke na chombo cha kwanza. Chombo kikaja. Yosti akaenda pwani na kasha lake, nahodha akamwuliza anakwenda wapi, naye hakuwa na mji wa kutaja. Chombo kikaondoka akiwa ameketi pale. Watu waliona, wakamwacha. Akahamia kibanda cha zamani cha wafumi mwisho wa mji. Aliyekuwa na chakula alimwekea mlangoni, Mwana Mize akiwamo. Hakufukuzwa tena wala hakukaribishwa.

Katika kibanda hicho mlikuwa na kitanda cha mfumi kilichovunjika. Akakitengeneza, akaomba nyuzi za kutupwa, akaziunga, akaanza kufuma. Ilimchukua karibu mwaka. Alipomaliza alikuwa na nguo nyeupe, dhiraa zake zote kamili, imefumwa vizuri kuliko yoyote mjini, maana mkono wa baba yake ulikuwa umemrudia. Akaikunja akaipeleka kwa Mwana Mize.

"Nimefuma mwenyewe," akasema. "Sikuombi kazi. Nakuomba uniwekee tu."

Mwana Mize akaipapasa ile nguo kwa muda mrefu. Alimhurumia, na huruma hiyo ilimuudhi, kwa sababu kaburi la Shekue lilikuwa bado halijaota nyasi vizuri.

"Kitambaa ni kizuri," akasema. "Lakini sanda si kitambaa, Yosti. Sanda ni mtu atakayekufunika. Hujifumii mwenyewe."

Akamrudishia. Mwaka uliofuata alikufa mpagazi mmoja fukara, ambaye nyumba iliyomwekea sanda ilikuwa imeungua na vyote vilivyomo. Asubuhi watu wake wakaikuta nguo ya Yosti mlangoni imekunjwa. Wakamzika nayo yule mpagazi. Hawakumwendea Yosti kumshukuru, lakini tangu siku hiyo walimsalimia.

Homa ikamrudia mwaka wa nne. Mwana Mize alisikia kwamba chakula kimelala mlangoni siku mbili, akaenda. Alimkuta juu ya mkeka, amekonda, kasha dogo liko kichwani pake. Akampa maji.

"Watanitupa?" Yosti akauliza. Hakuna jingine alilokuwa na hofu nalo.

"Hawatakutupa. Utazikwa pembe ya wageni."

"Nikiwa uchi?"

Mwana Mize alitaka kumwambia hapana. Lakini kumfumia hakungewahi, ile yake mwenyewe desturi haikumruhusu kumpa mtu, na kuweka ahadi ya uongo mbele ya mtu anayekufa hakuweza. "Sina sanda yako, Fundi," akasema. "Ningekuwa nayo ningekupa. Leo ningekupa."

Yosti akafumba macho. Akauweka mkono juu ya kasha. "Basi haya," akasema. "Nimeyatunza maisha yangu yote. Angalau na yenyewe yanitunze mara moja." Akafa kabla ya alasiri.

Mwana Mize akalifungua kasha. Akatoa la manjano, jekundu, la buluu, la chungwa, la zambarau, na la kijani. La saba alikuwa nalo nyumbani. Alikuwa ameliokota mnarani siku ile, lile la michirizi, akaliweka bila kujua ni la nini. Akaketi chini karibu na maiti akayashona pindo kwa pindo, masombo saba, mpaka yakawa nguo moja. Mchimba kaburi, mzee aitwaye Kheri, akaja wakamfunika.

Hayakutosha. Sombo ni refu la kuuzunguka mwili, lakini ni jembamba, na Yosti alikuwa mtu mrefu. Wakiivuta nguo juu, magoti hubaki nje. Wakiishusha, kifua hubaki nje. Wakaiacha ifunike kutoka mabegani hadi chini kidogo ya magoti. Mwana Mize akakaa akiutazama ule uso, kisha akafungua ukaya wake kichwani, akaukunja mara mbili, akamfunika uso nao. Ilikuwa mara ya kwanza mzee Kheri kuona nywele zake, zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Miguu ikabaki wazi, ile miguu iliyotembea nyuma ya mabwana saba.

"Ajabu," akasema mzee Kheri. "Nguo zote hizi alizopewa, na hazikumfika miguuni."

Mwana Mize alikuwa anakata uzi kwa meno. "Mwenye masombo saba hana sanda," akasema, akainuka kushika upande wa kichwani, kwa maana hapakuwa na mtu wa pili wa kumbeba.

Mzee Kheri ndiye aliyelichukua neno hilo akarudi nalo mjini, na mji ukalipeleka kwingine, mpaka likafika kwa Bi Salha hapo ukutani. Wanaolitumia leo wengi hulisema kwa dharau, kumcheka kigeugeu. Bibi yangu hakulisema kwa dharau hata siku moja. Alisema Mwana Mize alikuwa analia alipolisema, na kwamba alilisema kwa mtu aliyempenda.

Basi mmeelewa. Mtu anaweza kuvikwa na watu saba na asiwe na wa kumfunika. Mwenye masombo saba hana sanda. Jua limekwisha toka upande huu wa ua. Tima, shika ncha ile, na wewe Shaali hii hapa, tuikunje. Mtakumbuka kafuri iko kopo gani, siku nisipokuwapo kuwaonesha?